Kuomba chuo kikuu chenye ushindani mkali: ni nini hulifanya ombi la mkimbizi lionekane?

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi Januari, vijana wa Kakuma, Kalobeyei, Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu na makazi mengine ya ukanda huu hujaza maombi ya vyuo vikuu vinavyochukua watu wachache sana. Wengi hujaza kwa simu, usiku, intaneti inapokuwa na kasi. Harvard ya Marekani hukubali chini ya mtu mmoja kati ya kila waombaji 20. Ufadhili unaotolewa kwa wakimbizi peke yao nao una foleni ndefu. Kwa hesabu za UNHCR za mwaka 2023, asilimia 7 tu ya vijana wakimbizi duniani walikuwa katika elimu ya juu, na lengo lililowekwa ni kufika asilimia 15 ifikapo 2030.

Swali linalorudi kila msimu ni hili: nifanye nini ili ombi langu lionekane kati ya maelfu?

Waombaji wengi hudhani jibu ni ukubwa wa mateso waliyopitia. Sivyo. Msomaji wa maombi amekwisha kusoma habari za vita na za kambi mara nyingi, na hana njia ya kupima mateso ya mmoja dhidi ya mwingine. Anachoweza kupima ni ulichokifanya kwa vitu vichache ulivyokuwa navyo, na kama kuna mtu mwingine anayethibitisha kwamba ulikifanya kweli. Makala hii inaeleza jinsi ya kumwonyesha hayo.

Kabla ya kuandika neno lolote: fedha zitatoka wapi?

Hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia. Vyuo vingi vya nje vinapomfikiria mwanafunzi wa kigeni hutazama kama familia yake inaweza kulipa. Ukiomba msaada mkubwa wa fedha, nafasi yako hupungua hata kama alama zako ni nzuri. Lakini viko vyuo vichache ambavyo huamua kwanza bila kutazama mfuko wa mwombaji, hata wa kigeni, kisha humlipia pengo lote la mahitaji yake. Miongoni mwao ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Hivyo ndivyo vigumu zaidi kuingia, lakini umaskini wako hauhesabiwi dhidi yako. Viko vingine vinavyotazama fedha wakati wa kuchagua, ila wakishakukubali hulipia pengo lote. Hivyo navyo vinafaa kuombwa. Chuo kinachokukubali kisha kikakuachia deni la maelfu ya dola kila mwaka hakijakusaidia chochote.

Usisahau njia za karibu. Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, humlipia mkimbizi asome shahada ya kwanza katika nchi aliyopata hifadhi. Mpango wa wanafunzi wakimbizi wa WUSC, ulioanza mwaka 1978, huwapeleka vijana Kanada wakiwa wakaazi wa kudumu, na wanaowadhamini ni wanafunzi wenzao wa vyuo vya huko. Kwa WUSC huandiki moja kwa moja kwa chuo cha Kanada. Unaomba na kusailiwa katika nchi uliyopo, kupitia shirika linaloendesha mpango huo. Kenya na Uganda ni Windle International. Mpango wa Mastercard Foundation hulipia vijana wa Kiafrika, wakiwamo wakimbizi, katika vyuo kama Makerere cha Uganda na Ashesi cha Ghana.

Maoni yetu ni kwamba maombi matano yaliyoandikwa vizuri yana nguvu kuliko 15 yaliyonakiliwa, na angalau mawili kati ya hayo matano yawe ya ukanda huu.

Waombaji wa Marekani wana jambo jingine la kuangalia mapema. Tangazo la rais lililotolewa Juni 2025 lilisimamisha visa za masomo kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwamo Somalia, Sudan, Eritrea na Burundi, na baadaye orodha iliongezwa. Kinachotazamwa ni uraia wako, si nchi unayoishi sasa. Kabla hujatumia miezi minne kwenye ombi, soma orodha ilivyo siku hiyo kwenye tovuti ya ubalozi wa Marekani, kisha kiulize chuo kwa barua pepe kama huruhusu kuahirisha nafasi kwa mwaka mmoja.

Insha: si lazima ianze na milio ya risasi

Nimewahi kukaa na vijana wanane waliokuwa wakiomba ufadhili mmoja. Insha sita kati ya nane zilianza kwa milio ya risasi usiku. Zote sita zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuwaambia: ukweli ule uliandikwa kwa namna moja, kwa hiyo baada ya ya tatu sikuweza tena kukumbuka nani ni nani.

Tazama mfano. Hii ni aina ya insha tunayoiona sana:

"Nilizaliwa Kongo. Vita vilipoanza tulikimbia na kuacha kila kitu. Maisha ya kambini ni magumu lakini sikukata tamaa. Ndoto yangu ni kuwa daktari ili niisaidie jamii yangu."

Hakuna uongo hapo, lakini maneno hayo yanaweza kusemwa na watu elfu kumi. Sasa chukua msichana huyo huyo, ambaye kumbe kwa mwaka mzima alikuwa akitafsiri katika zahanati ya kambi:

"Muuguzi alisema, tatu kwa siku. Mama yule alimeza vidonge vitatu kwa mara moja, asubuhi, akarudi jioni akitapika. Nilikuwa nimetafsiri kila neno sawasawa, na bado nilikuwa nimekosea. Kesho yake nilianza kuchora kwenye bahasha za dawa: jua linalochomoza, jua la utosini, mwezi. Kidonge kimoja chini ya kila picha. Baada ya wiki mbili muuguzi aliniletea rundo la bahasha tupu."

Insha ya pili haina neno "ndoto" wala "jamii", lakini msomaji amekwisha kujua kwamba msichana huyu anafaa kusomea udaktari. Vita vimo pia, ndiyo sababu mama yule yuko mahali ambapo hawajui lugha yake. Na kuna kosa ndani yake, kosa ambalo mwandishi amelikubali na kulifanyia kazi. Wasomaji wa maombi hupenda kosa la namna hiyo kuliko ushindi.

Ukitaka kupata kisa chako mwenyewe, usijiulize "jambo kubwa nililofanya ni lipi?" Jiulize: watu wa bloku yetu huniita wanapohitaji nini? Kuna anayeitwa kutengeneza redio na simu, anayeandika barua za wazee wasiojua kusoma, anayesuluhisha ugomvi kwenye foleni ya bomba la maji, na kuna kijana ambaye wadogo zake wanne hula kwa sababu yake. Andika siku moja ya kazi hiyo: palikuwa na nani, alisema nini, ulifanya nini, kikabadilika nini. Majumba makubwa ya maneno kama "uongozi" na "uvumilivu" mwachie msomaji ayajenge mwenyewe.

Huna wajibu wa kusimulia lililokuumiza kuliko yote. Kama kuna jambo huwezi kulisema mbele ya mtu usiyemjua kwenye usaili, usiliandike. Hakuna chuo kinachodai hilo, na kulinyamazia hakukupunguzii alama.

Insha kuu ya Common App, fomu moja inayotumiwa na mamia ya vyuo vya Marekani, haizidi maneno 650. Andika rasimu ya kwanza kwa lugha unayofikiria nayo, iwe Kiswahili, Kirundi au Kifaransa, kisha iandike upya kwa Kiingereza chako mwenyewe. Kiingereza chenye makosa madogo lakini chenye sauti yako hakikudhuru. Insha iliyoandikwa na programu ya akili bandia, au iliyonunuliwa kwa mtu wa saiba anayeuza hiyo hiyo kwa watano, hukudhuru mara mbili: haikumbukwi, na siku ya usaili utashindwa kuieleza.

Orodha ya shughuli: kuteka maji nako ni kazi

Common App huacha nafasi ya shughuli 10, na kila moja huelezwa kwa herufi zisizozidi 150 pamoja na nafasi kati ya maneno. Vijana wa kambini huijaza vibaya kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu wanadhani inataka klabu za mdahalo na timu za kuogelea. Wanaandika shughuli moja au mbili, nyingine wanaziacha tupu.

Ndani ya fomu hiyo hiyo kuna aina ya shughuli inayoitwa majukumu ya kifamilia, na nyingine ya kazi ya malipo. Kulea wadogo, kumuuguza mzazi, kuteka maji, kuuza mandazi sokoni, kufundisha kwa posho: vyote vina mahali pake. Fomu inauliza pia saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka, na hapo ndipo unapoonekana. Mwombaji anayeandika saa 25 kwa wiki za kulea familia amemweleza msomaji kwa nini alama zake za hisabati ni B na si A.

Ndani ya herufi 150 anza na kitenzi, weka idadi, malizia na matokeo. Mfano wake kwa Kiswahili: "Nilifundisha hisabati wanafunzi 14 wa darasa la saba, Jumamosi, miezi 18; niliandika maswali 200 kwa mkono; 9 walihamia sekondari." Linganisha na "Nilisaidia watoto katika masomo". Kazi ni ile ile. Ila usiongeze idadi. Ukiandika 14, wawe 14, kwa sababu mwalimu wako anaweza kuulizwa.

Kama ulikosa shule kwa miaka fulani, usiifiche miaka hiyo. Fomu ina sehemu ya maelezo ya ziada, na sentensi mbili zinatosha: tulikuwa njiani kutoka mwaka huu hadi huu, shule ya karibu ilifundisha kwa lugha nyingine, nikarudishwa madarasa mawili nyuma. Pengo lisiloelezwa humfanya msomaji akisie, na anaweza kukisia vibaya.

Barua ya mwalimu

Mwalimu mwenye wanafunzi 100 darasani, na wakati mwingine zaidi, hawezi kukumbuka ulichofanya muhula wa pili. Ukimwomba barua siku tatu kabla ya mwisho, ataandika kwamba wewe ni mwenye bidii, nidhamu na heshima. Barua hiyo haina kosa lolote, lakini ndiyo aliyowaandikia wenzako wote.

Mwendee wiki sita kabla, na umwendee kwa adabu inayostahili: "Shikamoo mwalimu, naomba unisaidie jambo, nami nimejaribu kukurahisishia." Mpe karatasi moja uliyoiandika kwa mkono. Weka humo mambo matatu au manne aliyoyaona kwa macho yake: siku uliyomwambia kwamba jibu la kitabu lina kosa na mkalitafuta pamoja, jinsi ulivyogawa kitabu kimoja kwa wanafunzi saba kwa ratiba, alama ulizoanza nazo na ulizomaliza nazo. Humwandikii barua, unamkumbusha tu. Barua yenye kisa kimoja cha kweli inaweza kuokoa ombi lenye alama za kawaida.

Vyuo vya Marekani hutaka mwalimu aipeleke barua mwenyewe kupitia mtandao. Walimu wengi hawana barua pepe wanayoifungua mara kwa mara, na wengine huombwa kulipia bando lao wenyewe. Kaa naye siku hiyo na umsaidie kufungua akaunti, lakini usiandike barua wala kuituma kwa niaba yake. Ikigundulika, ombi lote linafutwa.

Vyeti, majina na tarehe

Sehemu hii ni fupi kuisoma, lakini yaweza kuchukua mwaka mzima kuitekeleza. Jina lako na tarehe ya kuzaliwa viwe sawa kwenye cheti cha shule, kwenye usajili wa ukimbizi na kwenye fomu ya chuo. Wengi wetu tulisajiliwa kuwa tumezaliwa Januari 1 kwa sababu siku ile hakuna aliyejua tarehe halisi, na jina likaandikwa kama karani alivyolisikia. Kuomba marekebisho huchukua miezi, kwa hiyo anza ukiwa bado shuleni.

Waliosoma mtaala wa Kongo, kama ilivyo kwa wengi wa Nyarugusu, wana Diplôme d'État yenye asilimia. Waliosoma mtaala wa Burundi wana cheti chao. Chuo kinachofundisha kwa Kiingereza kitataka tafsiri iliyothibitishwa. Ukiomba chuo cha nchi unayoishi, utahitaji pia ulinganifu wa cheti kutoka baraza la mitihani: NECTA kwa Tanzania, UNEB kwa Uganda, KNEC kwa Kenya. Usifute asilimia 62 ukaandika A. Asilimia 62 katika mtihani wa taifa wa Kongo si alama ndogo, na wasomaji wa vyuo vikubwa wanalijua hilo.

Kuhusu SAT: MIT ilirudisha sharti lake mwaka 2022, na Harvard na Dartmouth mwaka 2024. Bowdoin haijalazimisha tangu mwaka 1969. Harvard imesema kwamba mwombaji asiye na njia ya kufikia mtihani huo anaweza kutumia matokeo ya mtihani wa taifa. Kwa Kiingereza, vyuo vingi hukubali mtihani wa Duolingo, ambao hufanywa kwa kompyuta popote palipo na intaneti na chumba kimya. Chumba kimya ndicho kigumu kupatikana, kwa hiyo omba ofisi ya shule au maktaba mapema. Ada ya mtihani na ada ya maombi huweza kusamehewa, nawe uombe msamaha huo bila aibu.

Fomu ya fedha ya familia

Fomu hii itakuuliza mshahara wa baba, thamani ya nyumba na akiba ya benki. Usiache visanduku vitupu. Andika 0 pale ambapo ni 0, kisha ambatisha barua fupi: familia ina watu wangapi, inapokea mgao gani, kuna anayepata posho ya kiasi gani kwa mwezi. Kama ofisi ya shule au shirika linalohudumia kambi litatia saini na muhuri, barua hiyo itapata uzito.

Kwa vijana wa jamii mwenyeji

DAFI na WUSC si kwa ajili yenu, lakini vyuo vyote vilivyotajwa hapo juu na mpango wa Mastercard Foundation viko wazi kwenu. Mliozaliwa Turkana Magharibi, Isingiro, Kasulu au Kibondo mna kisa ambacho mtoto wa jiji hana: shule iliyobadilika baada ya majirani wapya kufika, soko lililokua, ugomvi wa kuni na maji na jinsi ulivyosuluhishwa. Mna pia haki ya kuomba pasipoti ya nchi yenu, jambo linaloondoa kikwazo kikubwa.

Anayekuomba pesa ni tapeli

UNHCR na mashirika yanayofanya nayo kazi hayatozi chochote kwa usajili, usaili au ufadhili. Mtu anayekuambia kwenye WhatsApp kwamba "nafasi yako ipo, tuma ya faili" hana nafasi yoyote. Usimpe picha ya cheti chako cha usajili wala nywila ya barua pepe. Toa taarifa kwenye dawati la malalamiko la kambi.

Usaili, na baada ya jibu

Usaili wa vyuo vya nje mara nyingi ni wa simu au video. Mwambie msaili mwanzoni kabisa kwamba mtandao unaweza kukatika, na mkubaliane atakupigia kwa namba gani. Ukiulizwa "kwa nini chuo hiki?", taja somo au mradi uliousoma kwenye tovuti yao. Sifa ya jina la chuo haitoshi. Kutomtazama mkubwa machoni ni adabu kwa wengi wetu, lakini kwa msaili wa Marekani au Kanada huonekana kama kuficha jambo. Tazama kamera ya simu, inatosha.

Majibu ya vyuo vya Marekani hutoka kati ya mwishoni mwa Machi na mwanzo wa Aprili kwa walioomba Januari. Ukikubaliwa, kazi inayofuata ni hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile inayotolewa na serikali ya nchi ya hifadhi kwa mujibu wa Mkataba wa 1951. Kenya huombwa kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Uganda kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, Tanzania kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani. Inaweza kuchukua miezi mingi, na masomo huanza Agosti. Usingojee jibu la chuo ndipo uulize. Nenda ofisini mara unapotuma ombi, uliza masharti, na uhifadhi nakala ya kila karatasi utakayopewa, yenye tarehe na muhuri.